Pole Rasmi ya Komuni

Komuni ina furaha kuwatangazia wakazi wake wote kwamba malalamiko kuhusu Mpango wa Nyumba Ivae Sweta yamekwisha.

Hayakwisha kwa kuzirekebisha nyumba. Njia hiyo imepitwa na wakati, ina vumbi jingi na inataka mafundi. Yalikwisha kwa neno moja, tena neno la Kiswahili, na mtu aliyelifikisha neno hilo serikalini ni Felician, Mpatanishi Mkuu wa Lugha na Tamaduni katika Ofisi ya Malalamiko. Hakukuwa na mpatanishi mdogo, lakini ukuu ni ukuu hata ukiwa peke yako chumbani.

Komuni yenyewe tusiitaje. Brussels ina komuni kumi na tisa, yaani mitaa yenye serikali na baraza lake, na kila moja ikisoma habari hii itaamini anasemwa jirani yake. Tusiiharibie raha hiyo. Inatosha kusema iko upande wa magharibi, na ukisimama kwenye kituo chake cha tramu unaliona kuba la basilika ya Koekelberg, hali ya hewa ikiruhusu, na mara nyingi hairuhusu.

Felician alikuwa mtu wa Bukoba. Alikuja Ubelgiji kusoma shahada ya pili, akaoa, akabaki, akapata kazi ya kuwaeleza watu wanaosema Kiswahili kwa nini komuni haiwezi kuwasaidia. Aliifanya kwa moyo wote. Alivaa tai hata siku za Jumamosi.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri ajabu kwenye karatasi. Komuni ingetoa ruzuku, kampuni iliyoteuliwa na komuni ingekuja kuzivisha kuta sufu maalumu ya kuzuia baridi, na mwenye nyumba angekaa ndani kwa fulana akimshukuru Mheshimiwa Yolande, Diwani wa Nishati na Kuridhika. Kulikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, mafundi hawaingii kwenye nyumba mpaka awepo mtu wa kuwafungulia na kukaa nao tangu asubuhi hadi wanapoondoka. La pili, ukuta uliopata ruzuku usiguswe na mtu yeyote kwa miaka kumi bila saini ya Diwani, kwa sababu ulishahesabiwa katika takwimu za kuta zenye joto, na takwimu zikishapelekwa juu hazirudi chini.

Mafundi walifanya kazi haraka. Kuna bibi aliyezibiwa kabati la ukutani na nguo zake zote ndani. Kuna mzee Mflemi, Mbelgiji wa Kiholanzi, ambaye banda lake la mbwa lilivishwa sufu pande zote, na nyumba yake ikaachwa kama ilivyokuwa. Mbwa hakulalamika. Wengine wote walilalamika, na malalamiko yakafika Ofisi ya Malalamiko kwa magunia, na Ofisi haikuwa na la kujibu, maana jibu lolote lenye maana lilikuwa limepigwa marufuku na Maître Donatien, mwanasheria wa komuni.

Maître Donatien alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye hofu moja tu duniani: kukiri. Ukiandika "tunaomba radhi," umekiri. Ukiandika "tunasikitika," mwanasheria wa upande wa pili atauliza unasikitikia nini. Alikuwa hajamwomba mtu radhi tangu amalize chuo, hata kwenye lifti.

Siku neno lilipogunduliwa, Felician alikuwa ameitwa ofisini kwake kujadili ukimya. Mwanasheria alinyoosha mkono kuchukua faili, kiwiko kikagonga kikombe, kahawa yote ikamwagikia suruali.

"Pole," alisema Felician bila kufikiri, kama ambavyo wewe na mimi tungesema.

"Hiyo ni nini?"

Felician alieleza kwamba ni neno la kwao, huambiwa mtu aliyepatwa na jambo.

"Kwani wewe ndiye uliyemwaga?"

"Hapana, Maître. Ni kiwiko chako."

"Basi mbona unaomba radhi?"

"Siombi radhi. Ninakupa pole."

Maître Donatien aliacha kujifuta. "Yaani unanihurumia, na kosa si lako?"

"Si langu hata kidogo. Hata ukianguka ngazini sasa hivi, mimi nikiwa huku nimekaa, nitakupa pole."

"Na nikishapewa, ninakudai nini?"

"Hunidai kitu. Unasema asante. Ukiwa mtu wa adabu zaidi unasema 'nimeshapoa.'"

"Maana yake?"

"Kwamba mambo yamekwisha."

Mwanasheria alikwenda kusimama dirishani na doa lake la kahawa. Maisha yake yote alikuwa akiitafuta katika Kifaransa sentensi ya kumfuta mtu machozi bila kugusa kitu kingine, na hakuipata, wala katika Kiholanzi, wala katika Kilatini alichokisoma kwa mapadri. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa.

"Lugha yenu," alisema, "imetungwa na wanasheria."

Felician alishazoea kuambiwa lugha yake ni tamu, ina muziki, inafaa kwa watoto na kwa safari za kutazama wanyama. Alikuwa hajawahi kusifiwa namna hii. Fahari ilimpanda mpaka tai ikambana.

Baraza la komuni lilipitisha Azimio la Pole bila kupingwa. Lalamiko la kwanza la mkazi lingejibiwa kwa daraja la kwanza: *Pole*. Akirudia, au jalada likikaa wazi, daraja la pili: *Pole sana*. Mume na mke wakilalamika pamoja, *Poleni*. Jalada lingefungwa pale mlalamikaji atakapotamka "nimeshapoa," au, kwa maneno ya Azimio, "tamko lolote lenye asili ya kupoa, kwa mdomo au kwa maandishi." Kifungu hicho cha mwisho alikiandika Felician mwenyewe na alikipenda sana.

Matokeo yalishangaza hata waliolitunga. Wakazi wanaosema Kifaransa walipoona barua yenye neno *Pole* walidhani wamehamishiwa *pôle* nyingine, yaani idara nyingine, wakatulia kungoja idara hiyo iwaandikie. Waflemi walipopata *Poleni* walielewa kwamba wanakuja mafundi kutoka Poland, nchi ambayo kwao huitwa *Polen*, wakafurahi, wakaweka maji ya kahawa jikoni. Mheshimiwa Yolande alikwenda redioni kueleza kwamba komuni yake imevumbua mfumo wa huruma usio na gharama. Felician alipewa kiti kipya chenye magurudumu.

Waliobaki na kinyongo ni wale tu waliolielewa neno, na wa kwanza wao alikuwa Bi Zulekha.

Bi Zulekha alizaliwa Buyenzi, pale Bujumbura. Alifika Brussels na watoto mkononi miaka ya vita, akawahudumia wazee wa watu mpaka mwenyewe akawa mzee, na sasa alikaa nyumba ya chini yenye jiko, chumba kimoja kikubwa, na ua wa kuanikia nguo. Alikuwa amekwisha kulalamika mara mbili na kupewa pole za madaraja yote mawili, hajajibu hata moja. Basi Felician akatumwa kumpa ya tatu kwa mdomo.

"Ingia, mwanangu," alisema Bi Zulekha mlangoni. "Koti usitoe. Kwangu muntu anavaa koti ndani, inje ndiyo anatoa."

Alimpitisha jikoni, mahali penye joto zuri la sufuria, akamfungulia mlango wa chumbani. Felician alihisi amefungua friji.

"Angalia. Mbele, joto ya cuisine ilikuwa inapita kwa huu ukuta wa katikati, inakuja huku chumbani, tunalala vizuri. Bon. Wakakuja na masufu yao. Ukuta wa inje wakaacha uchi. Wakavalisha huu wa katikati. Donc sasa cuisine iko na joto yake, chumba iko na baridi yake, hawaonane tena. Kama watu wa divorce."

"Hukuwaambia, Mama?"

"Niliwaambia mumegeuza plan. Wakasema plan ni ya komuni, haigeukake."

Aliingia binti yake, Rayhana, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia. Alikuwa muuguzi, alizaliwa hapahapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani.

"Tonton umekuja kutengeneza ukuta?" aliuliza, maana kwake kila mgeni wa makamo ni mjomba.

"Nimekuja kutoa pole."

"Ah bon," alisema Rayhana, akarudi jikoni kwenye joto.

Bi Zulekha alikaa kwenye kitanda kikubwa, akakipigapiga kwa kiganja. "Huyu anazaa mwezi wa kwanza. Arobaini yake ataikaa hapa, kwa mama yake, juu ya hiki kitanda. Mzazi anataka joto, mwanangu. Kwenu Tanzania si vilevile?"

"Ni vilevile, Mama."

"Mimi nilizaa wa kwanza Buyenzi, mama yangu aliniwekea moto chini ya kitanda. Wa mwisho nilizaa kwa camp, na hata kwa camp walinitafutia makaa. Sasa huyu anazaa Bruxelles, mahali pa watu wenye akili, na sina pa kumulaza. Nikitaka kutoboa ukuta mwenyewe wananiambia ni ya komuni miaka kumi. Mutoto atakuwa anasoma."

Felician aliugusa ukuta wa nje kwa vidole. Kisha akakumbuka kilichomleta.

"Pole sana, Mama," alisema, na safari hii ilitoka moyoni.

Bi Zulekha alisimama, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. Vilikuwa vya barafu.

"Nimepoa, mwanangu," alimwambia. "Sikia vile nimepoa."

Kwenye tramu Felician alikaa akitazama glavu zake. Alijua vizuri kabisa alichoambiwa. Mtoto mdogo angejua. Lakini tamko lilitamkwa, lilikuwa na asili ya kupoa, na kifungu alikiandika yeye. Ofisini Maître Donatien alikuwa akingoja takwimu za mwezi. Felician akalifunga jalada la Bi Zulekha, na aliona aibu, na aibu ile ilikaa naye kwenye kiti chake chenye magurudumu kila alikokisukuma.

Haikupita wiki Bi Zulekha akaleta lalamiko jipya: kwamba lile la zamani limefungwa kwa sababu anasikia baridi. Jambo kama hilo Azimio halikulitazamia. Maître Donatien alimwita Felician na kufunga mlango.

"Tumeshampa pole, pole sana, na pole ya mdomo. Juu ya pole kuna nini?"

Felician aliwaza. "Juu ya pole kuna kuomboleza."

"Ni kukiri?"

"Hata chembe, Maître. Anayeomboleza ni aliyefikwa na jambo, siye aliyelifanya."

"Mwandikie," alisema mwanasheria, na uso wake ukang'aa tena.

Felician akaandika, kwa Kiswahili safi cha kusimama wima: *Komuni nzima, ikiongozwa na Mheshimiwa Diwani, imeshikwa na majonzi makubwa na inaomboleza pamoja nawe katika wakati huu mgumu.* Tumtendee haki: hakukusudia kitu. Au labda mkono ulikusudia na mwenyewe hakuambiwa. Mheshimiwa Yolande alitia saini kwa kalamu yake nzito, barua ikaenda.

Ilifika siku ambayo Rayhana alijifungua mtoto wa kike, wiki mbili kabla ya wakati uliotarajiwa. Yaliyotokea kwa Bi Zulekha jioni ile Felician alikuja kusimuliwa baadaye na Maman Rolande, jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Bukavu aliyeongoza chama cha akina mama na aliyejua kupanga matanga kuliko kampuni yoyote ya mazishi. Bi Zulekha alimsomea barua mara mbili.

"Alors, ni nani amekufa kwa komuni?" aliuliza Maman Rolande.

"Hawakuandika."

"Wanaficha. Bazungu wanafichaka deuil, kilio yao."

"Wamesema komuni yote inaomboleza. Na Diwani yeye mwenyewe ametia saini."

"Peke yao? Bila watu wa kukaa na wao?"

Wanawake wawili wakatazamana. Felician aliuliza baadaye kama walicheka wakati ule. Maman Rolande alisema hapana, deuil haichekwi.

Jumatatu asubuhi akina mama wakaingia kwenye jengo la komuni. Walivaa vitenge vya giza, wamebeba mikeka, thermos, sufuria moja kubwa kama beseni la kuogea, na nyuso za huzuni ya kweli. Wakristo wa Maman Rolande na Waislamu wa Bi Zulekha walikuja pamoja. Kijana wa mapokezi akawauliza kama wana miadi.

"Deuil haina rendez-vous," alijibiwa.

Walizunguka wakishika kuta. Walipita Ofisi ya Kodi, wakatikisa vichwa. Walipita ukumbi wa baraza, wakasema hapana. Wakafika Ofisi ya Mfano, yaani ofisi ya Mheshimiwa Yolande mwenyewe, iliyovishwa sufu ukuta hadi ukuta na juu ya dari, mahali ambapo waandishi wa habari hupigwa picha wakiwa wamevua makoti. Bi Zulekha alishika ukuta wa nje, akaacha kiganja pale.

"Msiba uko hapa," alisema.

Wakavua viatu, wakavipanga kwenye ukumbi, wakatandika mikeka, wakakaa. Kabla ya mchana gari likamleta Rayhana kutoka hospitali na mtoto kwenye blanketi la manjano, wakamlaza kwenye sofa ya Diwani.

Mheshimiwa Yolande aliporudi kutoka redioni alikuta viatu.

"Hawa ni nani?" alimuuliza Felician, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, tai imelegea.

"Wamekuja kukupa pole, Mheshimiwa."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba wako."

"Msiba gani?"

"Ule uliotia saini."

Akaitwa Maître Donatien. Aliisoma barua katika tafsiri, akaisoma tena, na kwa mara ya kwanza Felician alimwona akitoka jasho. Hawawezi kutolewa, alieleza kwa sauti ya chini. Komuni imeandika kwamba inaomboleza. Kuwafukuza waombolezaji ni kusema haiombolezi. Kusema haiombolezi ni kusema barua ilidanganya. Barua ya uongo kwa mkazi ni kosa, na kusema ni kosa, alimeza mate, ni kukiri.

"Basi wataondoka lini?" aliuliza Diwani.

"Matanga kwa kawaida ni siku tatu," alisema Felician.

"Siku tatu naweza kuvumilia."

"Lakini ndani kuna mzazi, Mheshimiwa. Mzazi hatolewi mpaka arobaini."

"Arobaini nini?"

"Siku."

Mheshimiwa Yolande akahamia ukumbini. Meza ikawekwa mahali palipobaki, karibu na mlango mkuu, mlango ule unaojifungua wenyewe mtu akipita, na hata akipita njiwa. Alisaini mambo ya nishati akiwa na koti, kisha akiwa na koti na skafu. Kutoka Ofisi ya Mfano ilitoka harufu ya tangawizi na wali, na mtoto aliyeshiba, na sauti ya akina mama wakiimba polepole. Wafanyakazi wa Ofisi ya Kodi walianza kupita kutoa pole wakati wa chakula cha mchana, na walirudi kazini wakiwa na vipande vya chapati.

Siku ya tatu Diwani akafanya anachoruhusiwa mkazi yeyote. Akalalamika. Aliandika kwamba ofisi yake, iliyo chini ya Mpango wa Nyumba Ivae Sweta, haimfaidishi kwa joto. Mfumo ulimjibu papo hapo. Alikuja na karatasi mpaka mezani kwa Felician, pua nyekundu.

"Pole?" alisema. "Daraja la kwanza? Mimi ni Diwani."

"Ni lalamiko lako la kwanza, Mheshimiwa."

Aliporudi kwenye meza yake alimkuta Bi Zulekha amesimama hapo na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikiweka mbele yake, akamshika vidole bila kuomba ruhusa, akavisugua, uso wake ukajaa huruma isiyo na daraja lolote.

"Umepoa, mutoto wangu," alisema.

Felician alikuwa amemfuata Diwani, ikabidi afasiri. "Anasema umepoa."

"Kwamba nimeridhika? Mambo yamekwisha?"

"Kwamba una baridi, Mheshimiwa."

"Kumbe neno lina maana mbili?"

Felician alifikiria kiti chake chenye magurudumu, na akafikiria viganja vya barafu kwenye mashavu yake. "Anapolisema yeye lina moja tu," alijibu. "Kifungu chetu ndicho kilichoongeza ya pili. Nilikiandika mimi, na nilifanya vibaya."

Kama Maître Donatien angekuwepo, angezimia. Diwani alishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa. Kisha akamuuliza Bi Zulekha, kupitia Felician, matanga haya yanaanuliwaje.

"Mwenye msiba ndiye anaanua," alisema Bi Zulekha. "Weye unainuka, unakulisha watu, unawarudisha kwao. Kukula tumekwisha kukula. Lakini mimi nitarudi wapi na mzazi? Kwangu hakuna chumba. Kuko ukuta wa komuni tu."

"Na ukuta ukigeuzwa?"

"Apo nitarudi leo."

"Nani anaweza kuruhusu ukuta uguswe?" Diwani alimuuliza Felician.

"Saini ni yako, Mheshimiwa."

Alitia saini palepale, juu ya kitambaa cha karatasi cha chapati, maana hakukuwa na kingine karibu. Mafundi wakapigiwa simu. Mafundi walisema wako tayari, ila kwa sharti la kwanza la Mpango: ni nani atakayekuwepo nyumbani kuwafungulia na kukaa nao tangu asubuhi hadi wanapoondoka?

"Mimi siwezi, niko na mzazi," alisema Bi Zulekha.

"Na mimi niko na sufuria," alisema Maman Rolande.

Akina mama wote wakamgeukia Mheshimiwa Yolande, kwa upole, kama watu wanaomngoja mwenye msiba ainuke.

Kwa hiyo Diwani wa Nishati na Kuridhika akaenda kukaa chumbani kwa Bi Zulekha. Ilikuwa Januari ya mvua ya barafu. Mafundi waliivua sufu ya ukuta wa katikati, wakafungua dirisha na mlango wa ua ili vumbi litoke, wakaenda kutafuta msumari fulani, wakarudi, wakagundua si ule. Diwani alikaa kwenye kitanda kikubwa na koti lake, na ukuta wa nje, ule uliohesabiwa kwenye karatasi miongoni mwa kuta zenye joto, ukawa unampulizia mgongoni kuanzia asubuhi. Mchana aliuhamishia mgongo ukuta wa pili. Haikusaidia. Alijaribu kumpigia Maître Donatien simu. Maître alimpa pole.

Siku ya mwisho ya kazi Felician alifika na thermos kutoka kwa Bi Zulekha na jalada kwapani. Alimkuta Diwani amejifunika blanketi la mwenye nyumba mpaka masikioni. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anapigilia sufu ya mwisho kwenye ukuta wa nje.

"Rayhana anarudi jioni," alisema Felician. "Mama amekwisha kukunja mikeka."

"Ofisi yangu iko wazi, basi."

"Ilikuwa wazi, Mheshimiwa. Mapokezi kuna mzee mmoja Mflemi, yule wa banda la mbwa. Amekuja na kiti cha kukunja. Anasema amesikia komuni imefiwa."

Diwani alifumba macho. "Ni yeye peke yake?"

"Foleni imefika kituo cha tramu. Wengi wana thermos. Yule bibi wa kabati amekuja na keki."

"Lakini hatuwezi kuanza nyumba zote hizo. Nani atakaa na mafundi?"

Felician alimmiminia chai, akalitazama blanketi, akalitazama koti. Kisha akafungua jalada alilokuja nalo. Lilikuwa lile lalamiko la Diwani kuhusu ofisi yake, na kwa kuwa lilikuwa bado halijafungwa, Azimio lilimtaka alipandishe daraja.

"Pole sana, Mheshimiwa," alisema, na alimaanisha.

Mheshimiwa Yolande alikishika kikombe. Meno yalikuwa yakigongana, midomo imekuwa ya buluu. Kiswahili alichokijua kilikuwa maneno mawili, na moja alikuwa amekwisha kulitumia sana redioni. Akalitoa la pili, kwa matamshi mazuri kabisa ya Buyenzi.

"Nimepoa," alisema. "Felician, nimepoa mpaka mifupa."

Felician alilisikia vizuri. Lilitamkwa kwa mdomo, mbele ya fundi, na lilikuwa na asili ya kupoa. Akatoa kalamu mfukoni, akalifunga jalada.